Mvua, skuta na saa ya kuingia posta

Ndugu watumikaji, na ninyi mama na vijana mnaosoma ukurasa huu nyumbani, mvua imerudi. Tangu Mei mpaka Septemba tulikula vumbi. Sasa tutakula matope mpaka Aprili. Kwenye dispansari hatuhitaji kalenda ili kujua kwamba kiangazi kimekwisha. Asubuhi ya mvua ya kwanza wanaanza kuingia: mmoja na goti lililochunika, mwingine na viganja vilivyojaa changarawe, mwingine anashika mkono wake wa kuume kwa mkono wa kushoto kama mtu abebaye mtoto mchanga, na mimi najua mbele ya kumgusa kwamba mfupa wa bega umevunjika.

Nikiuliza, "Ni nini iliyokupata?", jibu ni lile lile: "Munganga, ni mvua." (Mimi si munganga, ni msaidizi wake tu. Lakini kambini kila avaaye nguo nyeupe ni munganga, nimekwisha kuacha kukataa.)

Leo nataka kubishana na jibu hilo. Mvua inamnyeshea kila mtu, na wengi wanafika kazini bila kuanguka. Kinachotuangusha ni haraka. Na haraka hii ina wenyewe wawili: sisi tunaopanda pikipiki, na wale wanaoshika kitabu cha saa mlangoni. Nitasema na wote wawili.

Sikieni kwanza habari ya mwenzetu mmoja. Amenipa ruhusa ya kuisema, sharti nisiandike jina lake. Ilikuwa Januari, na mvua ilinyesha usiku kucha. Yeye alikuwa wa posta ya asubuhi. Alitoka nyumbani kwa skuta amekwisha kuchelewa, kwani mtoto alikuwa na homa, na yeye na bibi yake hawakulala. Kichwani alivaa kaske yake ya kazi, ile ya plastiki tunayopewa sote. Karibu na kivuko cha reli alitaka kupita kamio iliyokuwa ikitembea polepole. Mahali pale reli zinakata barabara mshazari. Gurudumu la mbele liligusa chuma kilicholoa, likaenda upande wake, na yeye akaenda upande wake. Kaske ilimtoka hata kichwa hakijagusa chini.

Aliinuka. Watu wawili walimsaidia kusimamisha skuta. Alipangusa matope, akasema "Niko mzima", akawasha, akaenda. Alifika akichelewa dakika saba. Hakumwambia mtu kwamba ameanguka, kwa maana mwezi ule alikuwa amekwisha kuandikwa mara mbili kwa kuchelewa, na aliogopa kwamba wangesema anatafuta kisingizio. Saa nne kichwa kilianza kumwuma. Saa tano alitapika. Wenzake walidhani ni malaria, nani asingedhani hivyo kwetu? Saa sita walipomleta kwangu alikuwa anasinzia na kusema maneno yasiyofuatana, na mboni ya jicho moja ilikuwa kubwa kuliko ya jicho la pili.

Wapasuaji wa mjini walimfungua kichwa siku ile ile. Yu hai, na Mungu asifiwe. Lakini tangu hapo anashikwa na kifafa, na mtu wa kifafa hawezi kurudi penye mashine. Alikuwa fundi mzuri. Leo yuko magazini, anahesabu boliti.

Tuanze na haraka yenyewe. Tupige hesabu pamoja. Tuseme toka nyumba yako mpaka mlango wa kazi ni kilometa 5. Ukienda kwa mwendo wa 60 kwa saa, unafika kwa dakika 5. Ukienda kwa 40, unafika kwa dakika 7 na nusu. Tofauti ni dakika 2 na nusu. Ndizo unazonunua kwa mwendo ule wote, na tazama bei yake. Kwa 60, mbele ya mkono wako kushika freni, macho yaone na akili iamue, sekunde moja imepita na umekwisha kwenda meta 17. Kiisha freni inaanza kazi yake. Juu ya lami kavu utahitaji kama meta 20 zaidi. Juu ya lami iliyoloa, meta 35 au zaidi, hata kama mipira ni mizima. Jumla, unapita meta 50. Kwa 40, njia ikiwa imeloa, unasimama kwa meta 27 hivi. Toka kwako mpaka kamio ile mbele yako, pana meta ngapi asubuhi? Mara nyingi naona 6 au 7.

Kwa hiyo achia nafasi. Hakuna haja ya kupima kwa kamba. Chagua nguzo ya umeme kando ya njia. Motokari ya mbele ikiipita, hesabu sekunde. Wakati wa kiangazi zikipita mbili mbele ya wewe kufika kwenye nguzo, ni vema. Wakati wa mvua ziwe nne. Mtu atakuja kujipenyeza katika nafasi ile, najua, mjini kwetu nafasi tupu inaonwa kama zawadi. Mwache. Anza kuhesabu tena.

Dakika za kwanza za mvua ndizo mbaya kuliko zote. Miezi mitano njia ilikunywa mafuta ya makamio, vumbi la mawe na mpira uliosagika. Matone ya kwanza hayafui vitu hivi, yanavichanganya tu, na lami inakuwa kama sahani yenye mafuta. Mvua ikipiga nusu saa kwa nguvu, njia inaoshwa na inakuwa afadhali. Basi ukiweza kungoja chini ya paa mwanzo wa mvua, ngoja.

Chunga pia mahali pa chuma na pa rangi. Mimi mwenyewe nina skuta ya zamani. Bibi yangu anasema inakunywa petroli kuliko mimi ninavyokunywa chai. Mwaka nilioinunua ilinilaza chini mbele ya soko, watu wote wakitazama, kwa sababu nilifunga freni juu ya mistari myeupe ya kuvukia watu. Rangi ile ikiloa haina mshiko. Vivyo hivyo reli, na vifuniko vya chuma vya mifereji, na matope mekundu yanayodondoka kwenye magurudumu ya makamio yatokayo machimboni. Penye reli punguza mwendo mbele ya kufika, usimamishe skuta wima, uzikate reli kwa kuzielekea moja kwa moja kama herufi T, usifunge freni juu yake, wala usiongeze gesi. Ikiwa reli zinakata njia mshazari, tazama nyuma kwanza, kiisha jipange ili uzielekee sawasawa.

Neno moja la skuta hasa. Pikipiki nyingi za hapa zina magurudumu makubwa, ya inchi 17 au 18. Skuta nyingi zina madogo, kama yangu ya inchi 10. Gurudumu dogo linaingia shimoni pale gurudumu kubwa linaporuka. Na shimo lililojaa maji linafanana na maji tu. Usiamini dimbwi hata kama jana ulipita hapo pakavu. Usiku mmoja wa mvua unatosha kuchimba kaburi katikati ya barabara zetu.

Juu ya freni nimesikia uongo mwingi. Vijana wanafundishana: "Usiguse freni ya mbele, itakupindua." Ndiyo, ukiikamata kwa hofu, na usukani umepinda, itakuangusha. Lakini wakati wa kusimama uzito wote unakwenda mbele, na ni freni ya mbele inayofanya sehemu kubwa ya kazi. Anayetumia ya nyuma peke yake anateleza kama sabuni, mkia unampita. Tumia zote mbili, mapema, polepole, skuta ikiwa wima, ukiongeza nguvu kidogo kidogo kama mtu anayekamua chungwa. Ukitoka dimbwini, gusa freni kidogo ili kuzikausha.

Sasa juu ya motokari. Waendeshaji wengi wa skuta wanajibana kando kabisa ya lami kwa heshima ya wakubwa wa njia. Ninawaelewa, lakini kando ndiko kuna mchanga, maji na kingo zilizovunjika, na mwenye motokari akikuona umejibana anadhani nafasi inatosha kwa wote wawili. Katikati ya njia yako nako kuna mafuta yanayodondoka kwenye mashine. Mahali pazuri ni pale mpira wa motokari unapopita, maana umesukuma maji na kusafisha. Shika hapo, washa taa hata mchana, na vaa kile kisibao cha kazi chenye kung'aa juu ya koti la mvua, si chini yake! Kila siku naona watu wamekificha.

Katika nchi yetu tunashika kuume. Lakini hapa Katanga motokari nyingi zilizotumika zilipita Dar es Salaam, na makamio mengi yanaingia kwa Kasumbalesa yakitoka Zambia, Tanzania na Afrika Kusini, ambako wanashika kushoto. Usukani wao uko upande wa kuume. Wengi wanajua jambo hili, wachache wamelifikiri. Dreva wa kamio hiyo anakaa upande wa majani. Ukimpita kwa kushoto, kama inavyotakiwa, wewe uko mbali naye, na kuna kioo kimoja tu cha kukuonyesha, na siku ya mvua kioo hicho kimejaa matone na matope. Yeye naye akitaka kumpita mwenzake, lazima atoe nusu ya kamio kushoto mbele ya macho yake kuona kama njia ni tupu. Anayekuja mbele yake kwa skuta ndiye wewe. Basi tazama kwanza dreva amekaa wapi. Kama huoni uso wake kiooni, sema moyoni: hanioni. Usipite mpaka uone mbali, na usipite kamwe ndani ya ukungu wa maji yanayorushwa na magurudumu.

Na penye kona, usiingie kati ya kamio na ukingo wa njia, hata kama imesimama na nafasi inaita. Kamio ndefu ikikata kona, kichwa chake kinazunguka mbali, lakini magurudumu ya nyuma yanakata karibu. Sitaandika hapa niliyoyaona.

Mama, neno hili ni lenu. Ukipanda nyuma, iwe kwa mume wako au kwa manseba wa kulipa, siku ya mvua usifungue mwavuli. Upepo unaukamata kama tanga la mtumbwi, na anayeendesha anashangaa usukani unamvuta. Kitenge kikae kimefungwa, kisining'inie karibu na gurudumu au mnyororo. Na mtoto wa shule akikaa mbele, juu ya tanki, hana cha kumshika. Wewe ukigonga, yeye ndiye anayegonga kwanza. Najua njia ya shule ni ndefu na matope ni mengi. Hata hivyo nasema hapana.

Nakuja kwenye kaske. Kaske ya mgodi imetengenezwa kwa jiwe au chombo kinachoanguka toka juu. Ndani yake kuna mikanda inayoiinua mbali na utosi, na kazi hiyo inaifanya vizuri. Lakini njiani kichwa hakipigwi utosini tu: kinapigwa pembeni, mbele, nyuma, na mara nyingi zaidi ya mara moja. Kaske ya mgodi haina mto mnene upande wa masikio, na wengi wanaivaa bila ukanda wa kidevu. Mwenzetu alidhani amevaa kaske. Kweli alivaa, ila si ya kazi hiyo.

Jambo hili si geni. Mwaka 1935 Mwingereza T. E. Lawrence, aliyejulikana kwa vita vya Uarabuni, alianguka na pikipiki bila kaske alipotaka kuwakwepa vijana wawili wenye baiskeli. Alikufa baada ya siku sita. Mmoja wa waganga waliomhudumia, mpasuaji wa ubongo Hugh Cairns, hakusahau kifo hicho. Alianza kuchunguza vichwa vya wapanda pikipiki wa jeshi, na mwaka 1941 aliandika kwamba kaske inaokoa. Mwaka ule ule jeshi la Uingereza liliwalazimisha wapanda pikipiki wake kuivaa. Raia wa huko walingoja sheria mpaka 1973. Uchunguzi mwingi uliokusanywa pamoja mwaka 2008 ulionyesha kwamba kaske ya pikipiki inapunguza hatari ya kufa kwa karibu 42 kwa mia, na hatari ya kuumia kichwa kwa karibu 69 kwa mia. Ni kaske iliyofungwa chini ya kidevu. Ile inayotundikwa kwenye kiwiko inalinda kiwiko.

Sasa nieleze iliyompata mwenzetu, maana hapa ndipo nyumba nzima inaweza kuokoa mtu. Mfupa ulio mbele kidogo ya sikio na juu yake ni mwembamba, na chini yake kuna mshipa wa damu. Ukipasuka, damu inajikusanya kidogo kidogo kati ya mfupa na ngozi inayofunika ubongo. Mwanzoni mtu anaweza kusimama, kucheka, kulipa deni. Saa zinapita, damu inasukuma ubongo, na ndipo kichwa kinauma, anatapika, anasinzia. Ukimwacha "apumzike", huenda asiamke. Basi aliyegonga kichwa, hata kama anasema ni mzima, aje dispansari palepale, na usiku ule mtu alale karibu naye na kumwamsha mara kwa mara. Asipewe pombe, wala kidonge cha usingizi. Akitapika, akisema ovyo, mkono mmoja ukilegea, au mboni moja ikiwa kubwa, ni ambulansi, si kesho.

Ukimkuta aliyeanguka na hawezi kuinuka, usimvute mkono ili asimame. Simamisha motokari kwanza, mtu mmoja atangulie kupunga kitambaa. Shika kichwa chake kisigeuke. Kaske usiivue, ila kama hapumui vema na hakuna njia nyingine. Na usimpakie katikati ya watu wawili juu ya pikipiki nyingine. Shingo iliyovunjika inaweza kummaliza hapo.

Yabaki maneno kwa wakubwa wa kazi. Nimekwisha kusikia jibu lao mbele ya kuandika: "Ukiwapa robo saa leo, kesho watachukua saa nzima." Pengine wachache watajaribu. Wale waliolala baada ya bia nyingi siwatetei, na anayekaa mbali ajue kwamba wakati wa mvua saa yake ya kuamka si ile ya kiangazi. Lakini nawauliza: mwenzetu alificha kuanguka kwake kwa sababu ya dakika saba. Kama angesema saa kumi na mbili aliyoyasema wenzake saa sita, tungekuwa na nusu siku ya kumtibu. Robo saa ile ingekuwa ghali kuliko fundi yule?

Ninaomba mambo mawili. Asubuhi ya mvua kubwa, mlango ukubali robo saa bila kuandika mtu. Na kila anayesema "nimeanguka njiani" aletwe kwanza dispansari, maswali ya saa yafuate nyuma. Hii si huruma tu. Sheria ya usalama wa jamii ya Julai 2016, kama ile ya 1961 iliyoitangulia, inahesabu ajali ya njiani kati ya nyumba na kazi kuwa ajali ya kazi, mradi mtu hakugeuka kwenda kwenye mambo yake. Anayeificha ajali anajinyima haki yake kwa CNSS, na anayemtia woga wa kusema anamsaidia kujinyima. Kaske za pikipiki nazo zinaweza kununuliwa pamoja na kampuni na kukatwa kidogo kidogo kwa mshahara, kama tunavyofanya kwa vitu vingine. Nimekwisha kuandika barua juu ya hilo, nangoja jibu.

Wiki hii, mwenye skuta au pikipiki apite dispansari baada ya posta, aje na kaske yake. Nitatazama mikanda na mto wa ndani, na mlinzi wetu, aliyekuwa fundi wa pikipiki, atatazama mipira na freni. Hatulipizi kitu. Na anayeanguka usiku agonge tu dirisha la nyuma; wa zamu yupo, hata akichelewa kuamka.